Viatu Mlangoni pa Sinagogi

Kabla mama yangu hajapanda ndege kwenda Nchi Takatifu, alizunguka kwa majirani kuomba radhi. Watu wa kanisa letu hawakulipenda jambo hilo. Walisema kuomba radhi nyumba kwa nyumba ni mambo ya Waislamu wanaokwenda Hija, na kwamba Mkristo hupiga magoti akamwomba Mungu msamaha, basi, yakaisha. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akajitanda leso yake, akatoka akaenda zake. Alipiga hodi nyumba baada ya nyumba katika skimu yetu ya makazi, hii iliyo nyuma ya Msambweni ndani ya minazi na mikorosho, akawaambia watu kwamba anasafiri, na kama aliwahi kumkosea mtu kwa neno au kwa mbuzi, basi amsamehe.

Hilo neno la mbuzi lilikuwa na sababu. Mbuzi wa mama hawajui mipaka, na mahindi ya watu wengi pale kwetu yamepitia matumboni mwao. Jirani yetu, mwanamke wa Kidigo ambaye shamba lake limepakana na letu, na ambaye mama humwita dada, alimsamehe mbuzi, akayasamehe na mengine ambayo mama hakuyataja, kisha akamwombea dua ndefu ya safari. Tangu siku hiyo akawa anamwita Hajati, na mama akawa anaitika bila wasiwasi wowote.

Wazazi wangu walitoka Ukambani wakiwa vijana, wakapata ardhi hapa, na katika miaka yote waliyokaa mama amezishika adabu za pwani kuliko wengi waliozaliwa nazo. Hapokei kitu kwa mkono wa kushoto. Haulizi shida ya mtu kabla ya kumaliza salamu, na salamu zake huchukua muda. Na haingii nyumba ya mtu na viatu. Hata akija kwangu Ukunda, ambako sakafu ni saruji tupu na mimi mwenyewe huingia na viatu vya kazini, yeye huvivua mlangoni, akavipanga vizuri vikitazama nje, kisha ndiyo aseme hodi.

Adabu hiyo ilinipa mimi kazi, kwa sababu mama ana sukari. Kwanza ilimchukua macho kidogo, halafu ikaingia miguuni, na miguu yake ikafa ganzi. Akikanyaga kijiti hajui. Siku moja alitembea na msumari ndani ya ndala tangu asubuhi hadi adhuhuri, akashangaa kwa nini kuku wanafuata nyayo zake wakidonoa damu. Kliniki walimkataza kabisa kutembea peku, hata kwenda bafuni, na wakamwambia atafute viatu vya kufunika vidole. Nikamnunulia vyeusi, vipana, vya kamba. Alivitazama akaniuliza kama nimemwandikisha jeshini.

Kwa hiyo kanisa lilipopanga safari ya Galilaya na Yerusalemu, na akina mama wa chama chetu wakamtaka mama awe miongoni mwao, nilisema haendi popote bila mimi. Niliomba likizo hotelini Diani, mahali ninapofanya kazi ya udobi. Wengine katika kundi walikwenda kuona kaburi tupu na Mlima wa Mizeituni. Mimi nilikwenda kulinda mguu.

Mama naye alikuwa na lake. Alizaliwa mwaka wa ukame, akiwa mdogo na mgonjwa kiasi kwamba hakuna aliyetarajia amalize juma. Katekista aliletwa mbio ambatize kabla hajafa. Maji yaliyokuwapo nyumbani yalikuwa ndani ya kibuyu kimoja, nayo yalikuwa ya kunywa, basi yule mzee akachovya kidole, akampaka mtoto kwenye paji la uso, akakifunika kibuyu. Mama hakufa. Lakini hadithi ile aliisikia kwa nyanya yangu mara nyingi, na kila aliposikia habari ya ubatizo wa Yordani, watu wakishuka majini na kupanda, moyo ulimuuma. Alikuwa akisema kwamba yeye aliingia ufalme wa Mungu kwa unyevu. Alitaka kabla hajafa aingie kwa maji.

Hilo ndilo alilolifuata. Yerusalemu angeiona, angeishukuru, lakini safari yake ilikuwa mto. Na mto ulipangiwa siku ile ya Galilaya, jioni, baada ya mahali pengine pote.

Asubuhi tulianzia mlimani, pale Bwana alipotaja waliobarikiwa. Nilizoea kuusikia ukiitwa mlima nikawaza kitu kama Kilimanjaro, kumbe ni kilima cha kupanda huku unazungumza, kama vile vilima vya kwetu Kwale. Lakini uzuri wake sikuutarajia. Nyasi zilikuwa zimekauka rangi ya mkate, upepo ulitoka chini ziwani, na bustani ya watawa ilikuwa imechanua maua mekundu. Mchungaji alisoma ile sura yote bila kuhubiri, jambo ambalo si la kawaida yake. Halafu akina mama wakaanza kuimba taratibu, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kikamba, na watu wa makundi mengine wakasimama njiani kusikiliza. Nililia. Mimi si mtu wa kulia hovyo, waulize wanaofanya kazi nami, lakini nililia.

Bahari ya Galilaya yenyewe tuliiona yote kwa mara moja, na hilo liliwatia watu wa pwani majivuno. Mmoja wa akina mama akasema hii ni kama kusimama Shimoni ukatazama kisiwa cha Wasini, tena Wasini ina mkondo. Mama akamwambia udogo si hoja, kwa kuwa hata huyo anayeidharau bado hajaonekana akitembea juu yake.

Kiongozi wetu wa matembezi alikuwa Mkristo wa Kiarabu wa huko huko, mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa, aliyesema Kiingereza na mchungaji akatufasiria. Kila tulipopanda basi alituhesabu kwa lugha yake, na alipofika sita, saba, akina mama walicheka kwa furaha ya kukutana na maneno ya nyumbani ugenini. Tangu hapo akawa akifika kwenye sita wote wanaitikia naye, wanaruka nane, wanamlaki tena kwenye tisa. Naye alipenda. Alituhesabu hata pale ambapo hapakuwa na haja.

Kapernaumu tulifika jua limeshapanda. Nikisema ni mji ulioanguka, msomaji asifikirie vumbi na takataka. Mawe yamefagiliwa. Kuta za nyumba zimebaki kimo cha goti na cha kiuno, za mawe meusi, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, na vijia vya kupitia ni vyembamba kiasi cha watu wawili wanene kutopishana bila kuombana samahani. Waliishi hapo wavuvi na wake zao na watoto. Palikuwa na mawe ya kusagia, makubwa kuliko kiuno cha mtu, na akina mama wakayashika wakapapasa pale palipolika kwa kusagia. Nilifikiria mikono iliyokuwa ikiyazungusha. Katika kitabu watu wale ni majina, lakini pale nilielewa kwamba walikuwa na unga, na moshi, na jirani wa kelele.

Nyumba inayosemwa kuwa ya Petro wameijengea kanisa juu yake, kanisa lenye sakafu ya kioo katikati, ukiinama unaona kuta za chini. Mchungaji akasoma habari ya mkwewe Petro aliyekuwa na homa, Bwana akamshika mkono, akapona, akaanza kuwahudumia wageni. Muuguzi mstaafu aliyekuwa katika kundi letu, mwanamke mnene mwenye sauti ya wodini, akasema hilo ndilo lililomshangaza siku zote, mgonjwa kuamka kitandani moja kwa moja jikoni. Mama akasema ni kwa sababu aliona jinsi mke wa Petro alivyokuwa anapika. Tulicheka ndani ya kanisa, na mtawa mmoja akatutazama, tukatoka.

Hapo nikaenda msalani. Foleni ya wanawake ilikuwa ndefu. Nilimwacha mama kivulini na wenzake, nikamwambia asiondoke.

Niliporudi kivuli kilikuwa na mikoba tu. Hatua chache kutoka hapo ndipo linaposimama sinagogi, na sinagogi lile ndilo fahari ya mji wote. Limejengwa kwa mawe meupe juu ya msingi wa mawe meusi, nguzo zake bado zinasimama, na ingawa wanasema lililopo ni la baadaye, ule msingi wa chini huaminiwa kuwa ndipo Bwana alipofundisha. Chini ya ngazi zake niliona viatu. Viatu vya kina mama wa skimu yetu vyote vilikuwa vimepangwa pale jozi kwa jozi, vikitazama nje, kama mlangoni pa nyumba yenye maulidi. Na nyuma yake wageni wa kundi jingine, wazungu wazee, walikuwa wameinama wanafungua kamba za viatu vyao kwa sababu wameona ndiyo kanuni ya mahali. Nilianza kucheka. Nilikuwa nikiwaza nitakavyoisimulia Ukunda. Kisha katikati ya mstari nikaviona vile vyeusi, vipana.

Nilipanda zile ngazi mbio. Sakafu ilikuwa inawaka. Akina mama walikuwa wameshashindwa, wengine wamejibanza kwenye kivuli cha nguzo, wengine wanarukaruka kurudi chini, wamekunja nyuso. Mama peke yake ndiye alikuwa ametulia. Alikuwa amesimama juani, pembeni, juu ya jiwe jeusi la ule msingi, mikono imekunjuliwa, macho yamefumbwa, anaomba. Mchungaji alikuwa amewageukia wengine akimwonyesha.

"Tazameni imani ya mama huyu," alikuwa akisema. "Nyote mmekimbia moto. Yeye hausikii."

"Si imani, mchungaji," nikamwambia. "Ni sukari."

Sikungoja jibu. Nilichuchumaa nikamwinua mama mguu wa kulia kama unavyoinua mguu wa punda kutazama kwato. Naye, badala ya kukatisha sala, aliweka mkono juu ya kichwa changu asianguke, akaendelea kuomba kwa mguu mmoja. Alituombea wote. Aliwaombea majirani, akawataja na mbuzi. Wayo wake ulikuwa umejaa lengelenge upande wa kidole kidogo, ngozi imekuwa nyeupe, na ulipotoka ule weupe palikuwa pekundu. Mguu wa pili ulikuwa umeiva tu.

Aliposema amina nilimuuliza nini kilimpata hata akavua viatu. Nilimuuliza kwa sauti ambayo mtu hamuulizi mama yake.

"Mimi kwa jirani yangu siingii na viatu," akanijibu. "Ndiyo niingie navyo mahali alipofundisha Bwana?"

Ni kweli hakuna aliyewaagiza. Yule kiongozi alikuwa amekuja mbio kuwaambia kwamba si lazima, kwamba watu wote huingia na viatu, lakini ni mama aliyeanza, na wenzake wote ni watu wa kwetu, hakuna aliyejiona sawa kupita na viatu mbele ya mwenzake aliyevua. Kanisani kwetu wanavaa viatu kila Jumapili. Lakini kanisa letu tumelijenga wenyewe juzi, tunajua nani alichanganya simenti. Pale walihisi wamefika kwa mwenyewe, na mlangoni kwa mwenyewe mtu wa pwani hahitaji kuambiwa afanye nini. Nilikuwa na hasira, na bado, nikiwa nimeshika ule mguu, niliinua macho nikaziona zile nguzo nyeupe na mama yangu chini yake, nikaona kwamba katika umati wote uliopita pale siku ile hakuna aliyeingia vizuri kuliko yeye.

Kiongozi alileta kiti kutoka kwa walinda lango. Muuguzi akaumwagia mguu maji ya kunywa taratibu, chupa baada ya chupa, akaufunika kwa kitambaa safi. Chakula cha mchana tulikula karibu na ziwa, samaki wanayemwita wa Petro, na akina mama wa bara waliokuwa nasi walimgeuza sahanini wakagundua ni tilapia, wakasikitika kwamba wamesafiri hadi huko kula samaki wa Kisumu. Mama alimla akamaliza, akauliza kama kuna mwingine. Chini ya meza mguu wake ulikuwa mapajani pa muuguzi, unafungwa bandeji.

Muuguzi alipomaliza alitoa hukumu yake. Lengelenge lilikuwa limeshapasuka. Mguu ule usiguse maji ya mto, wala ya bwawa, wala ya beseni la hoteli, maana kwa mtu wa sukari uchafu kidogo tu huingia na hautoki. Alilisema bila kumtazama mama. Mama aliendelea kutoa miiba, akaipanga ukingoni mwa sahani.

Ndani ya basi nilikaa karibu naye. Barabara ilipita katikati ya mashamba ya migomba, mashamba makubwa yaliyofunikwa vyandarua juu kama vitanda vya watoto, na ya miembe pia. Mama aliyatazama yote kwa makini ya mkulima, akasema ardhi hii inapendwa. Kuhusu mto hakusema kitu. Afadhali angelalamika, ningejua la kujibu. Mzee mmoja wa skimu yetu alichomwa na mwiba wa mlimau, naye alikuwa na sukari kama mama, na mwiba ule ulianza na kidole ukamaliza mguu mpaka gotini. Nilimwona mzee yule akijifunza kutambaa kwenda chooni. Niliogopa. Nilikuwa naogopa kama mtoto, na kwangu woga hutoka kwa sura ya ukali.

Mahali pa ubatizo pametengenezwa vizuri. Mto Yordani hapo si mpana, ni wa kijani, umeinamiwa na miti, maji yanakwenda bila haraka, na kuna ngazi zenye vyuma vya kushikilia zinazoshuka hadi ndani. Samaki wanakuja mpaka miguuni mwa watu. Makundi ya kila rangi yalikuwa yakishuka na kupanda, wengine wanaimba, wengine wanalia, na nilipoona jinsi mto mdogo kama ule unavyobeba haja za watu wengi hivyo, nilitaka kuvua hata mimi saa yangu nikaingia. Walitupa makanzu meupe. Niliyakagua mishono kwa mazoea ya kazi, na nakiri yalikuwa yamefuliwa vizuri kuliko shuka zetu.

Mama alipewa kanzu pia, kwa sababu aliyekuwa akigawa hakujua. Alilivaa. Alikaa kwenye benchi akiwa amelivaa, mguu umenyooshwa mbele.

Mchungaji alimwendea akachuchumaa. Ni mtu mwema, na maneno ya pale Kapernaumu yalikuwa bado yanamwaibisha. Alimwambia kwamba Mungu hapimi wingi wa maji. Angechota kikombe mtoni, amnyunyizie kichwani hapo hapo kwenye benchi, na ingekuwa sawasawa na kuzama.

"Kikombe ni kingi kuliko nilichopewa kwanza," mama akamwambia, "lakini sikuja huku kuongezewa kikombe."

Nikaingilia. Nilisema hapana, tena mbele ya watu. Nilimkumbusha yule mzee wa mwiba, nikamtaja kwa jina la ukoo wake na la goti lake. Nilisema sikuacha kazi yangu ili nimrudishe nyumbani vipande. Akina mama waliokuwa wameshavaa walisimama na makanzu yao hawajui waingie au wangoje. Mama akautazama mguu, ule mguu usiosikia chochote, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa mno.

"Basi mguu ubaki," akasema. "Mimi niingie."

Wa kwanza kucheka alikuwa muuguzi. Alicheka mpaka akashika benchi. Kisha akaacha, akasimama, na nikaona kwamba anafikiri. Akasema, kwa sauti yake ile ya wodini, kwamba hilo linawezekana.

Alipata mfuko wa plastiki kwenye duka la hapo, ule ambao kwetu serikali imeupiga marufuku, akauvisha mguu juu ya bandeji, akaukaza kwa kitambaa chini ya goti, kisha akaongeza wa pili juu yake. Akina mama wakatoa leso, wakazikunja mbili pamoja, wakamlaza mama juu yake. Wanawake wanne wakashika pembe. Mimi nilipewa mguu. Agizo la muuguzi lilikuwa kwamba litokee litakalotokea, mfuko usishuke chini ya bega langu.

Tukashuka ngazi kwa ngazi, wanne, na mimi, na mchungaji mbele anatangulia kinyumenyume. Maji yalikuwa baridi kuliko nilivyodhani. Yalipofika kiunoni mchungaji akasimama, na wale wanne wakaishusha leso mpaka mama akawa anaelea nusu, kanzu limevimba kumzunguka, na uso wake umetazama miti. Mguu wake ulikuwa umesimama wima kando ya sikio langu. Sikuuona uso wake vizuri kwa sababu ya huo mfuko, na nilitaka kuuona kuliko kitu chochote nilichoonyeshwa siku ile. Nilimpenda pale kwa namna inayouma. Nilimpenda kwa ukaidi wake na kwa viatu vyake na kwa radhi zake, na nilikuwa bado nimemkasirikia.

Mchungaji akasema maneno. Akamwekea mkono kichwani, akamzamisha. Mguu ulishtuka mikononi mwangu, nikaukumbatia. Alizama kabisa, nywele, paji la uso, masikio, na maji ya kijani yakafunga juu yake, na kwa kitambo kidogo mama yangu mzima alikuwa ndani ya Yordani, na nje yake palikuwa na mguu mmoja tu ndani ya mfuko wa duka.

Alipoinuliwa alikohoa, akapangusa macho.

"Nimelowa," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilivuka mto. Makundi mengine yakapiga makofi bila kujua wanampigia nini. Hata kiongozi wetu, aliyekuwa ukingoni ameshika viatu vyeusi vya mama mkononi, alikuwa akijipangusa macho kwa kofia yake. Tulipompandisha, muuguzi alikata kile kitambaa, akavua mifuko, akagusa bandeji kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa kavu.

Ningependa kuishia hapo, lakini mguu haukuishia hapo. Tulirudi nyumbani, kidonda kikawa kinafunga, na sote tukashukuru. Halafu kidole kidogo, pale jiwe lilipochoma zaidi, kikaanza kuwa cheusi. Tulimpeleka hospitali Msambweni. Walijitahidi, walikiosha, walimpa dawa za sindano, na mwisho daktari akatuita pembeni akasema ni heri wakiondoe hicho wakati bado ni hicho kimoja. Mama alikubali kabla yangu.

Siku iliyofuata nilimkuta amekaa kitandani, anapepewa na yule jirani yetu wa Kidigo, ambaye alikuwa amekuja na chupa ya uji na mafuta ya kumsinga kichwani. Nilisimama miguuni pa kitanda, nikaiona ile bandeji imekuwa nyembamba upande mmoja, nikashindwa kujizuia. Nililia mbele ya wodi nzima.

"Pole, Hajati," jirani akamwambia mama, kwa kuwa mimi sikuweza kuambiwa lolote. "Mungu hakuchukua kingi."

"Hakuchukua kitu," mama akasema. Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyekishika, sasa unalia nini? Kidole chenyewe kilikuwa hakijabatizwa."

Ikanipanda hasira katikati ya machozi. Nikamwambia kwamba hata vile vinne vilivyobaki kwenye mguu huo havikubatizwa, navyo vilikuwa ndani ya mfuko huo huo.

Mama aliitazama bandeji yake, akafikiri.

"Hivyo," akasema, "vimepewa muda wa kutubu."